Kwa nini kirusi cha influenza hukimbilia kwenye kiini cha seli?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma stashahada ya maabara, mwaka wa pili. Tulifundishwa kwamba virusi vya RNA huzaliana kwenye saitoplazimu, nje ya kiini, halafu slaidi iliyofuata ikasema influenza huzaliana ndani ya kiini, tukapita. Protini zake nimezikariri zote, lakini nikiulizwa hii inafanya nini na kwa nini, nachanganya. Naomba unipangie. Na jambo la pili: kwa nini kipimo cha haraka kinatafuta NP na PCR inatafuta M, wakati kirusi chenyewe tunakiita kwa H na N?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Slaidi hiyo mliyoipita ndiyo ningeanza nayo mimi. Ukishajua shida inayokipeleka kirusi hiki kwenye kiini, protini zake zitajipanga zenyewe kichwani, na ile orodha uliyoikariri unaweza kuisahau bila hasara. Nitazungumzia influenza A. B inafanana nayo kwa mengi.

Tuanze na mtaji wake. Influenza A hubeba vipande 8 vya RNA, kwa jumla nukleotidi kama 13,500 hivi. Jenomu ya binadamu ina bilioni 3. Katika hizo 13,500 hutoka protini 10 za msingi: PB2, PB1, PA, HA, NP, NA, M1, M2, NS1 na NEP. Zipo nyingine ndogondogo, ambazo vitabu vipya huziongeza, lakini hizo zisikupe presha kwa sasa.

RNA yake ni ya mkondo hasi, yaani ribosomu, viwanda vya protini vya seli, haziwezi kuisoma. Kirusi cha polio au cha dengi kikishamwaga RNA yake ndani ya seli, ribosomu huanza kazi palepale, maana RNA ile ni chanya. Ya influenza ukiiingiza kwenye seli ikiwa tupu, bila protini yoyote, hakuna kitakachotokea. Ndiyo maana kila kipande husafiri kikiwa kimezungukwa na protini ya NP mwili mzima, na ncha zake mbili zimeshikwa na polimerasi ya kirusi, kimeng'enya chake cha kuandika RNA. Mkusanyiko huo huitwa RNP. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba RNP ndiyo kirusi chenyewe hasa. Protini zilizobaki kazi yake ni kuifikisha kwenye kiini, kuilinda ikiwa kule, na kuitoa.

Sasa hiyo shida. Ribosomu za seli zetu huitambua mRNA, yaani RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, kwa kofia iliyo mwanzoni mwake, nukleotidi moja ya G iliyogeuzwa na kuwekewa alama. Bila kofia, mRNA ya kawaida haipati huduma, na isitoshe huliwa haraka. Kila kirusi kina namna yake ya kulikabili hili. Surua, Ebola na korona huja na vimeng'enya vyao vya kutengeneza kofia. Polio imejitoa kabisa: RNA yake ina umbo maalumu ambalo ribosomu hulishika bila kofia. Influenza haina kimeng'enya cha kofia wala umbo hilo. Inapora za mwenye nyumba.

Dalili za uporaji huu zilionekana kabla haujaeleweka. Katika miaka ya 1960 watafiti walishangaa kwamba aktinomaisini D, dawa inayozuia DNA isiandikwe kuwa RNA, inazuia pia influenza. Ajabu yenyewe ni kwamba influenza haina DNA popote katika maisha yake. Baadaye ikaonekana kwamba hata alfa-amanitini, sumu ya uyoga inayoizima RNA polimerasi II ya seli, inaizima influenza vilevile, ingawa polimerasi ya kirusi haiguswi na sumu hiyo. Maana yake kuna kitu polimerasi II inatengeneza ambacho kirusi kinakihitaji. Robert Krug na wenzake nchini Marekani ndio waliokuja kuonyesha, kati ya mwaka 1979 na 1981, kwamba kitu hicho ni vichwa vya mRNA vyenye kofia.

Tazama inavyofanyika. Polimerasi ya influenza ni protini tatu zilizoshikamana, PB1, PB2 na PA. Polimerasi II inapoanza kuandika mRNA ya seli, kofia huwekwa mapema sana, uzi ukiwa bado mfupi. Polimerasi ya kirusi hujibandika kwenye polimerasi II hiyohiyo ikiwa kazini, na PB2 huinasa ile kofia mpya. PA, ambayo ndiyo yenye makali, huukata uzi nukleotidi 10 hadi 13 baada ya kofia. Kipande kilichokatwa hugeuziwa PB1, nayo hukitumia kama mwanzo, ikaendelea kuongeza nukleotidi kwa kuifuata RNA ya kirusi. Inayotoka hapo ni mRNA yenye kichwa cha binadamu na mwili wa influenza, na ribosomu haina njia ya kuitilia shaka. Ukiulizwa tofauti ya PB1, PB2 na PA, jibu ni hilo: mmoja anakamata, mmoja anakata, mmoja anaandika.

mRNA huhitaji pia mkia wa A nyingi. Hapa kirusi hakipori. Kinajitengenezea kwa hila. Karibu na mwisho wa kila kipande cha RNA yake kuna U 5 hadi 7 mfululizo, na kwa kuwa polimerasi bado imeishikilia ncha ya RNA hiyohiyo inayoisoma, ikifika hapo haiwezi kusonga mbele. Inakwama, inarudia kuzisoma zile U tena na tena, na kila ikirudia inaandika A. Mkia umepatikana bila mashine ya seli ya kutengeneza mikia.

Shikilia hilo la mkia, maana ndilo linaloifanya NS1 ieleweke. Mashine ya seli ya mikia ina protini iitwayo CPSF30. Katika aina nyingi za influenza za binadamu, NS1 huing'ang'ania CPSF30 na kuizuia kufanya kazi. mRNA za seli zinabaki bila kukamilika ndani ya kiini, zikiwemo zile za interferoni, ambazo ndizo kengele ya hatari kwa seli za jirani. Za kirusi zinaendelea kutoka kama kawaida, maana hazikuitegemea mashine ile tangu mwanzo. NS1 ina kazi nyingine pia: huifunika RNA ya nyuzi mbili isionekane, na huibana TRIM25, protini inayoamsha ulinzi wa seli dhidi ya RNA ngeni. Virusi vilivyoondolewa NS1 maabara hukua kwenye seli za Vero, ambazo haziwezi kutengeneza interferoni, lakini kwenye seli zenye kinga kamili vinadhoofika vibaya. Kwa hiyo usiandike kwenye mtihani kwamba NS1 "inasaidia kuzaliana". Andika inazuia nini.

Je, kofia peke yake inatosha kueleza safari ya kwenda kwenye kiini? Wengi husimama hapo, nami naona si sahihi. Chukua kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya miaka ya mwanzo ya 1930 na ambacho bado kinaua mifugo na watu huku kwetu. Nacho hupora kofia, lakini hupora kwenye saitoplazimu, kutoka kwa mRNA zilizokwisha kutoka nje ya kiini. Uporaji, basi, haulazimishi kuingia ndani. Kinachoilazimisha influenza ni kwamba polimerasi yake imezoea kofia changa, zilizo mkononi mwa polimerasi II, na polimerasi II haitoki kwenye kiini.

Lipo na sababu jingine ambalo slaidi nyingi haziligusi. Kipande cha M hutoa protini mbili, M1 na M2. Kipande cha NS nacho hutoa NS1 na NEP. Ile protini ya pili hupatikana kwa kukata sehemu ya katikati ya mRNA na kuunganisha ncha zilizobaki. Mashine ya kukata na kuunganisha namna hiyo ni ya seli, na iko ndani ya kiini. Kirusi kinachozaliana nje kabisa kisingepata M2 wala NEP kwa njia hii. Na kwa vile mRNA ya NS haikatwi kwa wingi, NEP hujikusanya polepole, jambo linalokifaa sana kirusi, kama utakavyoona.

Mpaka hapa tumeeleza mRNA tu. Kirusi kinahitaji pia nakala kamili za RNA yake, ncha hadi ncha, zisizo na kofia wala mkia. Hizo hutengenezwa na polimerasi hiyohiyo kwa hatua mbili: kwanza nakala chanya, halafu kutoka kwa hiyo nakala hasi nyingi. Lakini nakala ikitoka tupu haidumu. Lazima pawe na NP mpya za kuifunika, kama moja kwa kila nukleotidi 24, na polimerasi mpya za kuishika ncha. Kwa hiyo mfuatano ni lazima uwe hivi: mRNA kwanza, ziende nje kwa ribosomu, protini zitengenezwe, NP na polimerasi zirudi kwenye kiini (zote zina alama ya kuingilia kiini mwilini mwake), ndipo kunakili kushike kasi. Watu wengi huidharau NP kwa kuwa haina kimeng'enya wala jina kwenye vyombo vya habari. Bila NP hakuna RNA ndefu inayokamilika.

Kwenye kunakili huku kirusi kinategemea pia protini ya seli iitwayo ANP32A. Ya ndege ina asidi amino 33 zaidi ya ile ya binadamu, na polimerasi ya mafua ya ndege imezoea hiyo ndefu. Ikiingia kwa binadamu hufanya kazi kwa shida, mpaka ipate badiliko. Linalojulikana zaidi liko kwenye PB2, nafasi ya 627: glutamati ikiwa lisini, polimerasi inachangamka kwenye seli zetu. Mwaka 2024, H5N1 ilipoingia kwenye ng'ombe wa maziwa Marekani, kirusi kilichotoka kwa mgonjwa wa Texas aliyekuwa na macho mekundu kilikutwa na badiliko hilo. Angalia kwamba H na N hazikuwa habari pale. Habari ilikuwa PB2.

Kuingia na kutoka sasa hakutatusumbua. HA, himaglutinini, ile H ya kwenye jina, imesimama mitatu mitatu juu ya utando wa kirusi. Kichwa chake hushika asidi ya sialiki kwenye seli za njia ya hewa. Namna asidi hiyo ilivyounganishwa na sukari ya jirani ndiyo moja ya tofauti kubwa kati ya kirusi cha ndege na cha binadamu: cha ndege hupenda kiungo cha 2,3 na cha binadamu hupenda cha 2,6, ambacho kimejaa kwenye koo na njia zetu za juu za hewa. Seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko, kisha kifuko kinazidi kuwa na asidi hadi pH ya 5 na kitu. Hapo HA hufyatuka. Ni mtego kamili: kabla ya asidi, ncha yake inayopenda mafuta imefichwa katikati ya shina, asidi ikiuachia mtego, shina hunyooka, ncha ile huchoma utando wa kifuko, halafu protini nzima hujikunja na kuvuta utando wa kirusi na wa kifuko mpaka vigusane na kuwa kimoja. Mtego ukishafyatuka hautegeki tena. Kirusi kikikutana na asidi kabla ya kumezwa, HA zake hufyatukia hewani na kimekwisha.

Mtego huo lakini lazima utegwe kwanza. HA hutengenezwa ikiwa mzima, na haifyatuki mpaka kimeng'enya cha mwenyeji kiikate vipande viwili. HA za mafua ya kawaida hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa kama TMPRSS2, ndiyo maana ugonjwa hubaki hukohuko. Baadhi ya H5 na H7 zina asidi amino nyingi zenye chaji chanya mahali pa kukatwa, na furini, iliyopo karibu kila seli ya mwili, inaweza kuzikata. Kuku wanaopata aina hizo hufa banda zima kwa siku chache, maana kirusi kinakwenda kila kiungo.

Wakati HA inasubiri asidi, M2 inaiingiza ndani. M2 ni protini fupi, asidi amino 97, na nne kwa pamoja hutengeneza tundu la kupitisha protoni kutoka kwenye kifuko hadi tumboni mwa kirusi. Asidi hiyo ya ndani huifanya M1, iliyotandikwa chini ya utando, iachie RNP. Zikiachiwa, NP huonyesha alama yake, importini za seli huzipokea, nazo hupita tundu la kiini moja moja. Kirusi kizima kina upana wa nanomita 100 hivi, hakiwezi kupenya pale. RNP ni nyembamba, inapita.

Kutoka ndiko kunakoihitaji NEP. RNP mpya zikiwa tayari, M1 huingia kwenye kiini na kuzishika, NEP hushika M1 upande mmoja na protini ya seli iitwayo CRM1 upande mwingine, na CRM1 ndiyo hutoa mizigo nje ya kiini. Sasa kumbuka kwamba NEP hujikusanya polepole. Ingekuwa nyingi mapema, RNP zingefukuzwa kwenye kiini kabla hazijazaana vya kutosha.

Huko nje HA, NA na M2 zimekwisha kupanda hadi utando wa juu wa seli, ule unaotazama hewa. Vipande vyote 8 hukusanyika chini yao, kwa kawaida kimoja katikati na saba wakikizunguka, kirusi huchomoza, na M2 husaidia kukikata shingo. Lakini HA haijui kwamba safari imekwisha: uso wa seli bado una asidi ya sialiki, nayo inaushika tena. NA, nyuraminidasi, ile N ya kwenye jina, huikata asidi hiyo na kukiachia kirusi. NA ikizuiwa, virusi vipya hurundikana juu ya seli iliyovizaa na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe.

Dawa zimefuata njia hiyohiyo. Amantadini huziba tundu la M2, lakini badiliko moja tu, S31N, limeifanya isifae kabisa kwa virusi vinavyozunguka leo. Oseltamivir, yaani Tamiflu, na zanamivir huziba NA. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Baloxavir, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2018, huifunga PA isikate. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonifurahisha, kwa sababu inapiga pale pale penye uporaji wa kofia, na seli zetu hazina kazi inayofanana na hiyo ya kuumizwa nayo.

Tuje kwenye vipimo. H na N ziko nje ya kirusi, kwa hiyo kingamwili zetu huzishambulia, na kila zikishambuliwa hubaki zile zilizobadilika. Polimerasi ya kirusi haihakiki inachoandika, kwa hiyo mabadiliko hayakosekani. H zipo aina zisizopungua 18, na ndani ya kila aina mabadiliko hayaishi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupitia upya muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kaskazini na Septemba kwa kusini. Kipimo cha kujua "ni influenza A au siyo" kikijengwa juu ya H, kingekosa nyingi. NP iko ndani, haibadiliki sana, na katika seli iliyoambukizwa imejaa tele. Kipimo cha haraka cha antijeni kinahitaji wingi huo ili mstari uonekane. Hata hivyo jibu hasi la kipimo cha haraka haliondoi influenza, hasa kwa mtu mzima aliyechelewa kuja. PCR hulenga kipande cha M kwa sababu mfuatano wake umetulia katika influenza A ya watu, ya nguruwe na ya ndege.

M ikiwa chanya, ndipo vianzio vya H1 na H3, vile vipande vifupi vya DNA ambavyo PCR hutumia kutafuta jeni, vinaingia kutambua aina. Na hapa nakuomba uwe macho utakapoanza kazi: sampuli yenye M chanya kwa nguvu, Ct ndogo (yaani mashine imekiona kirusi mapema), lakini H1 hasi na H3 hasi, usiiandike "haikutambulika" ukaitupa. Rudia kipimo, mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, na iende maabara ya taifa ya influenza, kwa sababu huenda ni H5 au kitu kingine ambacho vianzio vyako havikutengenezwa kukiona. Uliza kama huyo mgonjwa alishika kuku, bata au nguruwe, na uiandike kwenye fomu.